Simu Mkononi, Diko Limefungwa: Maswali ya Wasomaji wa Malindi na Lamu

Barua nyingi zilizonifikia mwezi huu zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: namna ya kutumia mitandao ya kijamii kutetea haki ya mtaa, kijiji au pwani ambayo watu wa mbali hawaijui hata kwa jina. Nimechagua nne. Walioandika wameomba majina yao yasitajwe, nami nimeacha pia majina ya mahali pale ambapo kuyataja kungemfichua mwenye barua.

Swali: Assalamu alaikum. Mimi ni mvuvi wa upande wa Malindi. Diko letu, yaani mahali pa kufikia vyombo na kushushia samaki, tuliloachiwa na wazee limejengewa ukuta na mtu anayedai kuwa ana hati ya kiwanja. Njia ya kushushia samaki imebaki ya kupita mtu mmoja na kapu lake, na mama karanga waliokuwa wakikaanga samaki chini ya mkungu wamehamia kando ya barabara, kwenye vumbi. Vijana wetu walipiga video wakaiweka Facebook na TikTok, ikatazamwa na watu elfu arubaini. Maoni ya kututia moyo ni mengi mno. Huu ni mwezi wa tatu na ukuta uko pale pale. Tumekosea wapi? — Mvuvi, Malindi

Jibu: Wa alaikum salaam, ndugu yangu. Nimeitazama mara mbili video uliyonitumia, na nakuambia kwa dhati kwamba hamkukosea kuipiga. Mlipopungukiwa ni kwenye hatua inayofuata.

Zamani katika miji hii ya mwambao, jambo kubwa likitokea pembe ilipigwa mitaani na watu wakatoka majumbani kwenda kusikiliza; ndipo wazee wakasema kwamba mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Pembe ilikuwa wito tu, na waliokusanyika waliambiwa papo hapo kilichotokea na kila mmoja anachotakiwa kufanya. Video yenu imelia vizuri, lakini hao elfu arubaini waliotoka nje hawakumkuta mtu wa kuwaambia neno. Katika dakika zote nne sikusikia ikitajwa ofisi inayopaswa kuchukua hatua, wala hatua mnayoitaka, wala siku mnayosubiri jibu. Mtazamaji wa Eldoret au Muscat ameuona ukuta, amewaona wazee wakisikitika, ameandika "poleni sana", kisha kidole chake kimeteleza kwenda kwenye video nyingine. Huruma anayo, ila hakupewa kazi ya kufanya.

Anzeni kwa kulijua dai lenu kisheria, kwa sababu jambo la pwani limetajwa waziwazi. Katiba ya Kenya ya 2010, katika kifungu cha 62, inasema kwamba ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa ni ardhi ya umma, inayoshikiliwa na serikali ya kitaifa kwa niaba ya wananchi na kusimamiwa na Tume ya Kitaifa ya Ardhi, na kwamba haiwezi kugawiwa mtu ila kwa utaratibu uliowekwa na sheria ya Bunge. Kwa hiyo kabla ya kubishana kama jamaa ana hati au hana, jiulizeni maji ya bamvua, yale yanayojaa kuliko yote, yanafika wapi.

Hapa ndipo simu zenu zitakapofanya kazi ambayo hakuna mwanasheria wa Nairobi awezaye kuwafanyia. Bamvua itakapokuja, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, siku ambazo ninyi mnazijua kuliko mimi, watu wawili wasimame mahali pamoja saa ambayo maji yamefika kikomo, wapige picha ya ukuta pamoja na maji yalipofika. Ndani ya picha kuwe na kitu kisichohama, kama ule mkungu, mnara wa msikiti au nguzo ya umeme, ili yeyote atakayeitilia shaka aweze kwenda kusimama pale pale akaangalia mwenyewe. Warudi wapige tena maji yakiwa mafu, yaani siku yasipojaa sana, na mara ya tatu yakiwa yamekupwa, miguu yao ikiwa pale pale waliposimama mara ya kwanza. Picha hizo tatu zitafaa mbele ya afisa wa ardhi kuliko dakika nne za majonzi. Picha za asili zibaki kwenye simu iliyozipiga na nakala iwekwe mahali pengine, maana simu ya mvuvi haikosi siku ya kuanguka majini. Tena jihadharini na jambo moja dogo linaloharibu ushahidi wa wengi: picha ikitumwa WhatsApp kama picha hupunguzwa ubora na hupoteza maelezo ya saa na mahali ilipopigwa. Itumeni kama faili.

Ikiwa maji hayaufikii ukuta, ni afadhali mjue mapema, nanyi msiyafiche matokeo hayo. Hapo dai lenu litakuwa la njia ya kupita na la jinsi kiwanja kilivyopatikana, nalo linahitaji karatasi. Ipo Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, ambayo watu wengi wa pwani hawajawahi kuitumia, na kwangu hilo ni jambo la kuhuzunisha kwa sababu iliandikwa kana kwamba inatulenga sisi. Inamruhusu raia kuandikia ofisi yoyote ya umma kuomba habari, kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 21. Ombi lenyewe halilipiwi, isipokuwa gharama halisi ya kutoa nakala. Na mtu asiyejua kuandika ana haki ya kuandikiwa ombi lake na afisa mwenyewe. Ulizeni kwa Kiswahili chenu: kiwanja hiki kiligawiwa mwaka gani, kwa mtu gani, kwa uamuzi wa kikao kipi, ramani ya upimaji inaonyesha mpaka wake wapi, na njia ya diko imechorwa au haikuchorwa. Pelekeni barua mbili zinazofanana, moja muiache na ya pili ipigwe muhuri wa kupokelewa, wenye tarehe. Mkinyamaziwa, mlango unaofuata ni Tume ya Utekelezaji wa Haki, yaani ofisi ya Ombudsman, ambayo ndiyo iliyopewa kazi ya kusimamia sheria hiyo.

Sasa rudini Facebook. Barua yenye muhuri iwekwe pale, pamoja na maneno mafupi: leo ni siku ya kwanza kati ya 21. Baada ya wiki moja wekeni nyingine: leo ni siku ya nane, hatujajibiwa. Mtu wa Muscat aliyesema poleni sasa ana kitu cha kufuatilia, na ana swali la kuwauliza wahusika kwa heshima kwenye ukurasa wao. Na ninyi wa Malindi mna bahati ambayo Kilifi mjini hawana, kwa kuwa Bunge la Kaunti ya Kilifi linakaa Malindi kwenu. Kila raia ana haki ya kuliandikia malalamiko rasmi, na siku ya kuyapeleka, watu hamsini wakiwa wamesimama nje kwa utulivu wakiwa na nakala za barua mikononi, mtapata video ya pili ambayo itakuwa na kichwa, mwili na miguu.

Nawataja wazee wa Magarini, jirani zenu, kwa sababu kisa chao kinanipa moyo kila nikikikumbuka. Mwaka wa 2005 Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu ilifanya uchunguzi wa hadhara kuhusu malalamiko ya wakazi wa maeneo ya mashamba ya chumvi, na ripoti yake ikatolewa mwaka uliofuata. Facebook ilikuwa haijafunguliwa kwa watu wote. Watu walisimama wakatoa ushahidi kwa midomo yao, mmoja baada ya mwingine, na maneno yao yakaandikwa. Mpaka leo yanasomeka. Simu imetupunguzia safari tu. Kusimama na kusema "mimi nilikuwepo, na hiki ndicho nilichokiona" bado ni kazi ya mtu.

Na hapa kwetu Lamu tumeyaona kwa macho. Mpango wa kujenga mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 kule Kwasasi ulipingwa kwa miaka, barabarani, kwenye mikutano na mitandaoni, na picha za wakazi wakiwa na mabango yao zilifika mbali. Leseni ilitolewa na mamlaka ya mazingira, NEMA, Septemba 2016, na wakazi waliokusanyika chini ya Save Lamu wakakata rufaa. Tarehe 26 Juni 2019 baraza la kitaifa linalosikiliza rufaa za mazingira likaifuta leseni hiyo, na mojawapo ya sababu kubwa ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Oktoba 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi, iliyokaa huko huko Malindi, ikaitupilia mbali rufaa ya kampuni iliyotaka kuujenga mtambo huo. Mabango yaliwafanya watu wa dunia wageuze nyuso, lakini leseni iliangushwa na swali kavu: nani aliitwa mkutanoni, lini, akaelezwa nini, kwa lugha gani? Swali la namna hiyo hujibiwa na mtu aliyeandika tarehe, aliyepiga picha ya tangazo lililobandikwa na aliyehifadhi orodha ya waliohudhuria. Mteueni mtu huyo wiki hii, awe kijana mwenye subira, na kazi yake iwe hiyo tu.

Swali: Mimi ni mama wa Lamu, na kwa miaka sita nimekuwa katibu wa kikundi cha akina mama wa mtaa wetu. Maji ya visima vyetu yanazidi kuwa ya chumvi na tunaona watu wanajenga na kuchota mchanga karibu na vilima vya Shela. Tulifungua kikundi cha WhatsApp, tuko 180, lakini kimejaa salamu za Ijumaa, matangazo ya buibui na keki, na ujumbe wa maji unapotea. Jambo la pili, waume na wazee wetu hawataki picha za wanawake zionekane mtandaoni, nasi wenyewe wengi hatutaki. La tatu, mabibi wanaovijua visima hivyo kuliko sote hawana simu za kisasa. Tufanyeje? — Mama wa Lamu

Jibu: Dada yangu, kati ya barua zote za mwezi huu, hii yako ndiyo niliyoisoma nikainuka kwenda kunywa maji, nikayaonja upya. Unayoyasema ni kweli na sababu yake inajulikana. Mvua inayonyesha juu ya vilima vya mchanga vya Shela huchujika chini na kukaa kama tabaka la maji matamu juu ya maji ya bahari, na mji wa Lamu umeishi kwa maji hayo. Mchanga ukiondolewa au kufunikwa kwa nyumba, na maji yakichotwa kuliko yanavyoingia, tabaka hilo linakuwa jembamba na chumvi inapanda. Kisima kikishaingia chumvi, kukirudisha ni kazi ya miaka.

Salamu za Ijumaa msizifukuze. Watu huja kwenye kikundi kwa sababu ya salamu hizo, kama wanavyokuja barazani kwa sababu ya kahawa. Fungueni kikundi cha pili chenye jina la visima vyenu, ambacho wanaoruhusiwa kutuma ni watatu tu, na wengine wanasoma. Ujumbe usizidi mmoja au miwili kwa wiki. Atakayetaka kujibu arudi kwenye kikundi cha kwanza. Mtashangaa jinsi ujumbe unavyosomwa ukiwa haba.

Kuhusu picha, nawaunga mkono bila kusita. Sikubaliani na wale wanaosema kwamba mwanamke asiyeonyesha uso wake mtandaoni hajapaza sauti. Picha ya kisima haihitaji uso. Chukueni kamba moja, ifungeni mafundo kwa kipimo sawa, tuseme kila mkono mmoja, na kila Ijumaa baada ya Alasiri mtu yule yule aishushe kwenye kisima kile kile mpaka ndoo iguse maji, kisha apige picha ya mkono wake ukishika fundo lililobaki ukingoni. Pembeni yake awepo mwingine mwenye daftari: tarehe, jina la kisima, idadi ya mafundo, na neno moja la ladha, yaani tamu, kiasi au chumvi. Baada ya kaskazi na kusi kupita mtakuwa na kumbukumbu ambayo pengine hakuna ofisi yoyote inayo. Mkono wenye hina na fundo la kamba vitawafikisha watu mbali, na hakuna mume atakayeona haya.

Hata hivyo, sheria nayo iko upande wenu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaihesabu picha inayomtambulisha mtu kuwa ni taarifa yake binafsi, na ya mtoto haitumiwi bila idhini ya mzazi au mlezi. Wanaharakati wa nje wakija na kamera zao nzuri, wengine kwa nia safi kabisa, mna haki ya kuuliza kabla ya kupigwa: itawekwa wapi, kwa maneno gani, na tukibadili nia tutamwona nani aiondoe. Kwa watoto wanaobeba madumu, ambao wapigapicha huwapenda mno, jibu langu ni hapana mpaka mama yake akubali.

Mabibi wasio na simu ndio hazina ya jambo hili. Ujumbe wa sauti umekuja kama neema kwa watu wetu, kwa sababu hauhitaji kalamu wala Kiswahili cha shule. Mjukuu akae miguuni kwa bibi yake, abonyeze, amwache aeleze kwa Kiamu chake kisima cha babake kilikuwa na maji ya namna gani, kilichimbwa lini na nani alikuwa akichota; dakika mbili zinatosha. Sauti hiyo, kwa ruhusa yake, isikilizwe na kikundi, na pia isikilizwe kwa sauti kubwa kwenye maulidi ya akina mama, kwenye arusi wakati wa kusubiri, na popote mnapokaa. Usisahau kwamba wanaoamua juu ya vilima vile, wengi wao ni watu wa hapa hapa, wenye mama na mashangazi. Maneno yenu yakiandikwa kwa Kiingereza ili yapendwe London, na mkuu wa familia yenye kiwanja Shela akayasikia kwa mara ya kwanza kutoka kwa mgeni, mtakuwa mmemkosea adabu na kumpoteza. Mwendeeni kwanza, wawili watatu wenye umri, kabla ya kutuma lolote.

Swali: Shikamoo mwandishi. Nina miaka 23, natoka kisiwa cha Pate. Juni 2024 niliona jinsi vijana walivyoutumia mtandao mpaka Mswada wa Fedha ukaondolewa. Huku kwetu kuna mradi wa umma uliolipiwa lakini haukukamilika, nami nina ushahidi. Baba yangu ananiambia nitafungwa nikiandika. Je, ni kweli? — Kijana wa Pate

Jibu: Marahaba, mwanangu. Baba yako anakupenda, na hofu yake haikutoka hewani. Katika siku zile za Juni 2024 vijana waliuawa, na wazazi waliowazika hawahitaji kuelezwa na mtu kuhusu ujasiri. Hebu basi nikujibu kwa kipimo.

Kilichowasaidia vijana wale mtandaoni ni kwamba walikuwa na karatasi mikononi. Mswada ulikuwa na vifungu na ulikuwa na siku ya kupigiwa kura. Watu waliuchukua kifungu kwa kifungu, wakaueleza kwa Kiswahili na kwa lugha za mama katika video fupi, mpaka muuza mboga akajua mkate utatozwa nini. Rais alitangaza tarehe 26 Juni kwamba hatautia sahihi. Wewe pia tafuta karatasi ya mradi wako: ulitengewa kiasi gani katika bajeti ya kaunti, ulitakiwa uishe lini. Njia ya kuomba nimeieleza kwenye jibu la mvuvi wa Malindi.

Kuhusu kufungwa: kifungu cha 33 cha Katiba kinalinda uhuru wako wa kujieleza, lakini hakilindi uchochezi wa vurugu wala matamshi ya chuki. Kifungu cha sheria ya mawasiliano kilichokuwa kikiwatia watu mbaroni kwa "matumizi mabaya ya chombo cha mawasiliano" kilifutwa na Mahakama Kuu mwaka wa 2016, na kosa la jinai la kukashifu likafutwa mwaka wa 2017. Aliyekashifiwa bado anaweza kukushtaki kwa madai ya fidia. Tena Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ilipopitishwa mwaka wa 2018 iliweka adhabu nzito kwa anayechapisha habari za uongo huku akijua ni za uongo, faini ikifika shilingi milioni 5, na vifungu hivyo vimebishaniwa mahakamani tangu mwezi ule ule ilipotiwa sahihi. Kwa hiyo andika unachoweza kukionyesha. "Jengo la zahanati lilitakiwa kukamilika mwaka fulani, leo halina paa, picha ni hii" ni maneno yanayosimama. "Fulani amekula pesa" ni tuhuma ya wizi dhidi ya mtu, na hata ikiwa moyoni una hakika, huna risiti yake. Uliza swali na uache ofisi ijibu.

Nitakusimulia jambo lililonitokea. Miaka kadhaa iliyopita mtaani kwetu tulikuwa tunalalamikia maji machafu yaliyokuwa yakimwagwa baharini kutoka kwenye jengo moja. Harufu ilikuwa ya kweli, na watoto waliotoka vipele baada ya kuogelea walikuwa wa kweli. Usiku mmoja nilitumiwa picha ya samaki waliokufa wakiwa wametapakaa ufukweni, nami kwa hasira niliyokuwa nayo nikaisambaza kwenye vikundi vitatu nikiandika "haya ndiyo matokeo". Asubuhi mmoja wa wahusika akatuonyesha picha ile ile katika gazeti la nchi nyingine, ya miaka mitatu nyuma. Tangu siku hiyo kila tulipofungua midomo tuliulizwa kuhusu samaki. Wale watoto hakuna aliyewatazama tena, na yapata mwaka mzima ukapita kabla ya ofisi kukubali kuja kuona bomba lenyewe. Mpaka leo nikikutana na mama wa mmoja wa watoto wale njiani, mimi ndiye ninayetangulia kuinamisha macho. Picha usiyoipiga mwenyewe, mtafute aliyeipiga, ukimkosa, iweke kwenye utafutaji wa picha wa Google uone ilikoanzia, ukishindwa, iache.

Mkiamua kuandamana, kifungu cha 37 kinawapa haki hiyo kwa amani na bila silaha, na sheria inataka mumpe mkuu wa kituo cha polisi taarifa ya maandishi si chini ya siku tatu wala zaidi ya siku 14 kabla. Nakala yake yenye muhuri iwekwe kwenye simu ya kila mpangaji. Usiandike mtandaoni njia ya kurudi nyumbani wala jina la nyumba mnayokutania, na mwonyeshe baba yako maandishi yako kabla ya kuyatuma. Si kwa kuomba ruhusa, maana wewe ni mtu mzima. Ni kwa sababu mtu anayekuogopea ndiye atakayeona neno lililozidi.

Swali: Sisi ni vijana wa Malindi tunaosafisha ufuo na kupinga utupaji wa taka. Baada ya video yetu kusambaa, watu wametuma michango kwa M-Pesa kwenye simu ya mwenyekiti, na sasa kuna minong'ono. Tumalizeje? — Mweka hazina, Malindi

Jibu: Malizeni leo, kabla jua halijazama, kwa sababu minong'ono ya fedha imevivunja vikundi vingi zaidi ya askari. Mwenyekiti aombe taarifa ya M-Pesa ya siku zote tangu video ilipowekwa, na ninyi watatu, yeye, wewe na mwanachama mmoja asiye na cheo, mkae mpige mstari chini ya kila mchango. Nambari za simu na majina ya waliochanga mzifiche, maana hizo ni siri zao, kisha jumla na matumizi muyaweke kwenye kikundi na kwenye ukurasa ule ule uliobeba video: kiasi kilichoingia, glavu na magunia kiasi gani, mafuta ya gari la taka kiasi gani, kilichobaki. Zisipotimia, semeni hazikutimia na kwa kiasi gani. Kisha sajilini kikundi katika ofisi ya maendeleo ya jamii, mfungue akaunti ya benki yenye watia sahihi watatu, na video itakayofuata iwe na nambari ya akaunti hiyo peke yake. Nambari ya mwenyekiti iondolewe kwenye kila mahali ilipobandikwa, pamoja na ile video ya kwanza, ambayo bado inazunguka na bado inaleta pesa kwenye simu yake.